Damu ya Anyitike na Posa ya Yudith

Kihesa, Iringa,
Tanganyika.
14 Julai 1957

Mpendwa mdogo wangu Marcelino,

Kamwene, mtoto wa mama. Hujambo huko Kitwe? Kifua kimepoa, au vumbi la mgodini bado linakukohoza kama mbuzi aliyemeza kamba? Unakula ukashiba? Sisi huku wazima. Shemeji yako Severina mzima, ananguruma asubuhi tu, mchana ananyamaza. Mimi ni mzima kuliko mwaka jana. Ungeniona ninavyotembea ungesema huyu ni kijana anakwenda kuposa, ila mguu wa kushoto unachelewa kidogo kufika.

Usiucheke mwandiko wangu. Mimi shule niliipita nje tu, nikachungulia dirishani. Herufi hizi alinipa katekista, na zingine naona zimeanza kunikimbia.

Blanketi limefika. Lilipanda lori kutoka kwenu, likashuka Mbeya, likakaa Igawa siku nne kwa mama muuza maandazi, na tumelipata likinuka maandazi. Asante sana, mdogo wangu. Baridi ya mwezi huu imeunguza hata majani ya maboga. Usiku tunaligombania, Severina anashinda.

Sasa nimesikia kwamba habari ya ugonjwa wangu imekufikia huko, na kila aliyeileta kaileta imevunjika mguu. Matingo wa malori pale Igawa wanasema niligongwa na gari. Mbeya wanasema nilitiwa damu ya mbuzi, ndiyo maana napenda chumvi. Dada yetu Tekla, ambaye siku ile alikuwa shambani kwake anapalilia, anasimulia kama vile yeye ndiye aliyeshika chupa. Wote wanakosea. Mwenye habari ni mimi, maana paja lilikuwa langu. Na lazima uipate sawasawa, kwa sababu posa ya binti yako Yudith imekwama humo humo.

Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka jana, kule Mafinga. Unajua mimi kwenye kupasua mbao sina mwenzangu kutoka Mufindi mpaka Mbeya. Nilikuwa juu ya gogo, mwenzangu chini shimoni, tunavuta msumeno. Mvua ilikuwa imenyesha. Gogo likajizungusha, mimi nikaenda huku, msumeno ukaja huku, tukakutana pajani. Damu ilitoka kama ulanzi unavyotoka kwenye mwanzi uliokatwa vizuri. Wakanifunga kwa shati, wakanilaza juu ya mbao zangu mwenyewe kwenye lori, mpaka hospitali hapa Iringa. Nilipofika nilikuwa mweupe. Dresa, yule wa kufunga vidonda, aliuliza kama mimi ni Mgiriki.

Daktari akasema, huyu asipotiwa damu leo, kesho mtachimba. Wakampima Severina. Damu yake ikakataa kupatana na yangu. Nikamwambia dresa hata nyumbani ni hivyo hivyo. Watoto wangu walikuwa mbali, wewe upo Kitwe, Tekla anapalilia.

Nje ya dirisha walikuwepo wafungwa kama kumi, wameletwa kufyeka majani ya hospitali. Mimi nimelazwa karibu na dirisha, sikio moja limeshafika kaburini, jingine bado liko pale. Nikamsikia mkubwa wao wa jela akisema kwamba yuko mzee anakufa humo ndani, na atakayetoa chupa moja ya damu, ikipatana na ya mzee, atasamehewa miezi mitatu ya kifungo.

Basi kijana mmoja wa Kinyakyusa, Anyitike, akatupa fyekeo chini kabla yule mkubwa hajafika kwenye neno miezi. Akasema, "Mzee anakufa nanyi mnahutubia? Chukueni." Akaingia, akapimwa, ikapatana, akalala kitanda cha pili, nikaona damu yake ikijaa kwenye chupa. Nyekundu kama ya Mhehe tu. Ilipoanza kuniingia nilisikia joto linapanda kutoka vidoleni, kama mtu kanifunika blanketi hili lako.

Anyitike hakuwa mwizi, ulijue hilo. Alifungwa mwaka mmoja kwa meno mawili ya karani wa jumbe, aliyoyatoa kwa ngumi moja kwenye kilabu cha ulanzi. Mimi karani yule namfahamu. Yaliyobaki kinywani mwake pia yanastahili kuangaliwa.

Alikuwa amebakiza miezi mitatu na siku chache. Siku hizo chache zilipokwisha akafunguliwa, na badala ya kwenda kwao akaja wodini kwanza, na nguo zake ameshika mkononi. Akasimama mlangoni akauliza, "Mzee, damu yangu inakutunza?" Nikamwambia inanitunza, lakini tangu imeingia natamani ndizi asubuhi, mchana na jioni, na jana nimeota naongea Kinyakyusa na padri. Akacheka mpaka dresa akatufukuza. Nikamwambia "ndaga fijo", maana asante ya kwao nilikuwa nimeshajifunza. Na mpaka leo, Marcelino, kila nikiamka nikikuta kumekucha, nasema ndaga kabla ya kusema neno jingine. Mungu ananielewa tu.

Nisikufiche kitu kimoja. Katika wafungwa wale alikuwepo mzee mwenzangu, Sedekia. Yeye naye alinyoosha mkono. Alikuwa na miaka bado ya kukaa. Dresa akamfunua jicho, akaangalia, akasema, "Wewe mzee unahitaji chupa mwenyewe." Akarudi kufyeka. Nilimwona akifyeka, hakuinua kichwa tena. Nimelala pale na uhai wa mtu mwingine mwilini, nikawaza, hii ni hesabu gani? Mwenye damu nyingi anatoka, mwenye damu kidogo anabaki, na kosa halikuulizwa. Halafu huyo anayetoka, ukimwambia mtu aliyefungwa toa damu utoke, kweli umemwomba? Mbuzi mwenye njaa ukimwonyesha majani ng'ambo ya shimo, usiseme amependa kuruka. Mimi sijui. Nilipona kwa hesabu hiyo hiyo, kwa hiyo sina mdomo wa kuitukana. Sedekia hakunipa kitu, ila ndiye anayenijia kichwani mara kwa mara. Nampelekea ugoro, askari wakikubali.

Anyitike nilimkaribisha hapa Kihesa. Mguu wangu haukuweza tena kusimama juu ya gogo, yeye akashika msumeno wangu. Tukakaa na wazee, tukanywa ulanzi kwenye kibuyu kimoja, nikatangaza kwamba huyu ni ndugu yangu. Unakumbuka babu zetu walivyochanjana kifuani, kila mmoja akala ini la kuku lililopakwa damu ya mwenzake, wakawa ndugu kabisa, na binti wa huyu haolewi na yule. Wazee wakasema sisi hatuna haja ya wembe, chupa imeshafanya kazi. Nilifurahi sana. Nilisimulia kibuyu kizima.

Akawa ananiita kaka. Halafu binti yako akaanza kutuletea chakula kule tunakopasulia. Yudith huyu amekuwa mkubwa, ana mdomo kama marehemu mama yetu. Siku moja Anyitike akanisalimu, "Shikamoo, baba mkubwa." Nikajua kuna jambo. Ndugu yako akikuita baba mkubwa, ama amelewa ama ameona binti.

Akaleta mshenga, kwa adabu, na majembe mawili. Tukaita ukoo. Dada yetu Tekla akasimama, na unamjua akisimama kukaa ni kazi.

Akasema, "Huyu ni ndugu yetu. Yudith ni mtoto wake. Mnataka ukoo uoze?"

Nikamwambia, "Tekla, damu ya chupa si ya kuchanja."

"Ah. Leo si ya kuchanja? Mwaka mzima umetuchosha masikio. Undugu wa damu haununuliwi, Philbert. Mtu akikupa damu kwa ujira, huyo ni mfanyabiashara, mgeni, mwacheni aoe. Lakini wewe mwenyewe umesema kijana alitupa fyekeo kabla ya kuahidiwa kitu. Alitoa bure. Aliyetoa bure ni ndugu."

Wazee wakaitikia. Majembe yakarudishwa.

Tangu siku hiyo Anyitike anapasua mbao bila kuimba, na amesema mwisho wa mwezi anarudi kwao. Yudith hanisalimu. Juzi tu ndiyo alifungua mdomo, akaniambia, "Baba mkubwa, wewe umepona kwa damu yake, mimi naugua kwa hadithi yako." Mimi, Philbert, nikaenda kutafuta kalamu. Andika tarehe.

Wewe ndiye baba yake. Tekla amekubali kwamba neno lako likija ataliheshimu, ila anataka sababu, hataki huruma. Nakuomba, mdogo wangu, sema ndiyo. Kijana ni mchapakazi, ni mpole akiwa mbali na makarani, na mimi nisingekuwepo kukuandikia bila yeye. Jibu kabla mwezi haujaisha, barua ipande lori la kwanza.

Salamu zako nyingi kutoka kwa Severina, kwa Tekla ingawa amekasirika, kwa Verediana jirani ambaye bado anauliza kama umeoa wa pili huko, na kwa Yudith, ambaye hakunituma ila najua. Wasalimie wenzako wa nyumbani ulio nao huko. Mungu akushushe shimoni kila siku na akupandishe mzima kila siku, akulinde na mawe na wanawake wa mjini.

Ni mimi kaka yako ninayekupenda, Mhehe mwenye chupa moja ya Unyakyusa,

Philbert Kalinga

Marcelino, barua haijaisha. Severina amenisomesha yote kwa sauti, sasa amesimama mlangoni na bahasha mkononi, anasema hanipi mpaka niandike ukweli. Alikuwepo pale wodini siku ile, ndiyo shida ya kuoa mapema, mtu anakuwa na shahidi.

Hakutupa fyekeo. Kila kitu kingine ni kweli, lakini hilo la fyekeo niliongeza mimi. Alisikia hotuba yote mpaka mwisho, akaegemea mpini, akauliza, "Chupa moja miezi mitatu?" Wakamwambia ndiyo. Akasema, "Iandikwe kwanza." Wakaenda kutafuta karatasi, wakapata. Wakatafuta wino, wakakosa, wakatuma mtu ofisini. Mimi nimelala nakufa, nikisubiri wino. Nilimchukia, Marcelino, kwa muda wote ule wa wino. Baadaye niliona aibu kusema kwamba uhai wangu ulipangiwa bei dirishani, ndipo nikamtupisha fyekeo.

Karatasi ile anayo, ameiweka kwenye Biblia yake, ina tarehe na saa. Wewe andika tu kwamba Tekla aonyeshwe. Ni mgeni, alilipwa, mwacheni aoe. Na mimi namshukuru vile vile, hata senti ya shukrani haijapungua.