Ukoo wa Guracha

Isiolo, Jumatano, 1967.

Nilipoteza ng'ombe arobaini na watatu mwaka jana, wakati wa kiangazi, kule Garba Tula. Hakubaki hata ndama. Naandika hilo kwanza, nisije nikajidanganya kwamba nimekasirishwa na jambo jingine.

Leo upepo umevuma tangu alfajiri. Milima ya Nyambene haionekani kwa vumbi. Nimefunga duka mapema, nimekaa chumbani na hasira zangu.

Hao ng'ombe sikuwarithi. Marehemu baba aliniachia mkuki na jina. Nilianza kama tanboi wa lori, nikapakia chumvi, nikapakia ngozi, mwishowe nikawa mnunuzi wa ngozi mwenyewe, na kila faida niliyopata niliigeuza mtamba. Niliwaweka wote mahali pamoja, chini ya mchungaji mmoja niliyemlipa vizuri. Ukitaka kujua mali yako, iweke mahali unapoweza kuihesabu. Ndivyo nilivyoona.

Kisha vita hivi vya serikali na waasi wa shifta vikaja, na amri ikatoka: watu wote waingie kijiji cha seng'enge, na mifugo yao. Nchi hii ni pana. Ukitoka Kipsing magharibi mpaka mto Ewaso Nyiro unakopotelea kwenye kinamasi huko mashariki, mtu alikuwa anahama anavyofuata mvua. Sasa wilaya nzima imekunjwa ikatiwa ndani ya maboma machache. Ng'ombe walichungwa karibu na lango na kurudishwa mapema. Nyasi zikaisha upesi, na nyingine wakakatazwa kuzifuata.

Ngozi za ng'ombe wangu zililetwa dukani kwangu kwa lori. Nilizijua kwa chapa. Nikazinunua.

Galgalo hakupoteza hata mmoja.

Galgalo ni ndugu yangu mdogo, baba mmoja mama mbali. Sijawahi kumwona akikimbilia kitu isipokuwa chai. Uchungaji unamchosha, kwa hiyo tangu ujana alikuwa na tabia ya kuwatawanya ng'ombe wake kwa watu: wawili Kinna kwa shemeji, watatu kwa rafiki yake Mmeru mlimani, akisema anajenga urafiki. Mwaka kabla ya amri, wale wa Kinna nao akawapandisha mlimani, kwa sababu shemeji alianza kumsumbua awasaidie kunywesha. Huko juu kuna mvua na mahindi, na amri ya seng'enge haikufika. Ng'ombe wake wakazaana huku yeye amelala.

Watu sasa wanasema Galgalo aliona mbali. Aliona mbali wapi? Aliona kitanda.

Nina wivu. Nimeandika neno lenyewe, nalo halijapungua. Siku niliyosikia wake ni wazima, nilitamani ugonjwa uwapate huko mlimani. Nikaomba msamaha kwa Mungu, halafu nikatamani tena.

Lakini ningemeza hayo yote kama isingekuwa habari ya mama. Mwezi uliopita Galgalo alipata kibali cha kuteremsha ng'ombe wawili wa kukamua mpaka hapa mjini. Mji umejaa watu waliopoteza kila kitu, na maziwa ni shida hata kwa mwenye pesa. Mama yangu, mama niliyetoka tumboni mwake mimi, akakunja mkeka wake akahamia kwa mtoto wa mke mwenziwe. Alisema ni kwa ajili ya maziwa tu. Nilimnunulia maziwa ya kopo. Akasema yananuka bati.

Leo nilikwenda kumsalimia. Nilimkuta ameketi mlangoni kwa Galgalo, amenawiri, ana bilauri mkononi.

"Kunywa, Halake," akaniambia. "Maziwa ya ndugu yako, Mungu ambariki."

Nikamtazama ng'ombe aliyefungwa pale uani. Mweusi, doa jeupe chini ya titi, pembe ya kushoto imeinama. Huyo ni binti wa Guracha.

Guracha alikuwa mtamba wangu, mweusi tii. Galgalo alipokaribia kuoa, miaka saba iliyopita, nilimpitishia nikiwa safarini na lori, injini inanguruma, nikamwambia achukue, akizaa akamue. Kwetu Waborana ng'ombe wa namna hiyo ni dabare: unamwazima mtu asiye na maziwa, yeye anakunywa, lakini ng'ombe na uzao wake wote unabaki wa mwenyewe. Ukimpa mtu moja kwa moja ni jambo jingine. Ndiyo maana watu wenye akili wanalisema mbele ya wazee, ni la kuazima au la kutoa. Mimi dereva alikuwa anapiga honi.

Hesabu yake naijua. Guracha amezaa mara nne, majike matatu na dume lililochinjwa. Jike la kwanza nalo limezaa jike. Katika ng'ombe tisa wa Galgalo, watano ni ukoo wa Guracha. Watano ni wangu. Mama anaombea baraka nyumba isiyo yangu kwa maziwa yangu.

Nikasema hivyo hivyo, pale uani. Galgalo hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Alicheka kidogo, akamwambia mkewe aniletee chai, aiongeze sukari.

"Ndugu mkubwa huyu," akasema, "atahesabu mpaka mate ya ng'ombe."

Nikamwambia aache mzaha.

"Sawa. Basi niambie, ulitamka dabare mbele ya nani?"

Wazee wa ukoo watakaa Ijumaa baada ya swala, wagawe ng'ombe wachache waliobaki kwa waliofilisika. Jina langu limo. Sitaki kusimama pale niokotewe ndama wa huruma, na Galgalo akiwa wa kwanza kuchangia, akichangia kwa ng'ombe wangu, na watu wakimpongeza.

Mbele ya nani? Nikafikiri. Dereva alikuwa ndani ya lori. Mke wa Galgalo alikuwa bado kwao. Aliyekuwepo ni mmoja tu. Alishika kamba ya Guracha kwa mkono wake wakati naifungua kwenye lori.

Nikamgeukia mama. Nikamuuliza alisikia nini siku ile. Akatazama ndani ya bilauri.

"Mmekuwa wazee nyinyi," akasema. "Mnagombania titi bado?"

Galgalo akacheka. Mkewe akacheka. Mama akanywa.

Nimerudi nyumbani upepo ukinipiga usoni, na tangu saa ile najibizana na ukuta. Kesho asubuhi nakwenda tena. Sitamuuliza Galgalo lolote, wala sitashika kikombe chake. Nitamchukua mama pembeni, nimwambie haya, kama yalivyo hapa:

Ayo, mama yangu, ulikuwepo, kamba ilikuwa mkononi mwako. Nilimwazima au nilimpa? Sikuambii uchague nyumba ya kulala. Nataka neno moja, na nilisikie mimi kabla ya wazee. Nipe kabla ya adhana ya adhuhuri, Ijumaa.