Kola ya Inchi Kumi na Nne na Nusu

4 Machi

Kwako baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mgongo unakuruhusu kuketi kwenye cherehani. Mimi mzima, wa kujikongoja.

Simu sipigi, na sababu unaijua: tangu tumzike mama, kila tukipigiana tunaishia kugombana. Barua haina kelele.

Nina ombi. Nishonee blauzi mbili nyeupe za kazini, maana hizi nilizo nazo kola hazifungi tena. Shingo ni inchi kumi na nne na nusu, vipimo vingine ni vilevile. Hapa kwa dobi tunapiga pasi mashuka ya hoteli kutwa nzima, chumba kina mvuke wa kuivisha mayai, lakini mimi navaa sweta. Wenzangu wananicheka. Juzi nilisinzia nimesimama, nikaunguza shuka la pili. Msimamizi kasema nikiunguza la tatu nifungashe virago. Siku hizi ananiita Mzigo.

Nalala masaa kumi, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Jumapili nzima niko kitandani, na hakuna anayebisha hodi. Usiniambie ni uvivu. Neno hilo ulimwambia mama, linatosha.

Binti yako

13 Machi

Sindano wangu,

Marahaba. Mgongo mbovu, mdomo mzima, kama unavyonijua.

Nimepokea vipimo vyako nikafungua daftari. Mwaka juzi shingo yako ilikuwa kumi na tatu. Nimeshona miaka arobaini, mama. Mtu akinenepa, kiuno hutangulia, mikono ikafuata. Shingo haiendi safari peke yake. Simama mbele ya kioo, inua kidevu, unywe maji. Tazama kama kuna uvimbe chini ya koo unaopanda na kushuka ukimeza. Mwalimu mmoja, mteja wangu, alipimwa hivyo na daktari wake. Ukiuona, nenda hospitali.

Blauzi sishoni mpaka unijibu. Ukiniita mkaidi, jiulize wewe ulirithi kwa nani.

Ya mama yako tuyaache kwa leo.

Baba yako

29 Aprili

Sindano,

Hujambo? Wiki ya saba hii hujajibu. Nimepiga simu, haipokelewi. Kitambaa nimekikata mwili na mikono, kola nimeshindwa. Nyumba ni kimya, nakula nimesimama ili nisikione kiti cha mama yako. Andika hata neno moja, hata la kunitukana.

Baba yako

17 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe. Sikukujibu kwa sababu niliuona huo uvimbe kwenye kioo, nikaogopa. Nikajifunga kitambaa shingoni, nikaendelea na pasi. Kisha nikaunguza shuka la tatu, na msimamizi akatimiza neno lake. Nilijifungia chumbani siku nne. Ya tano nikaenda hospitali, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kupoteza.

Walinitoa damu. Daktari, mama mmoja mpole, akanieleza kwamba kuna tezi shingoni inayotengeneza homoni, na homoni hiyo ndiyo inayouambia mwili uende kwa kasi gani. Tezi yangu imelegea, na imevimba kwa kujitahidi. Ndiyo sababu ya baridi, nywele kukatika, ngozi kukauka na usingizi usioshibisha. Akasema si kila uchovu unatokana na hilo, kwa hiyo mtu asimeze dawa kabla ya kupimwa. Mimi nameza kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula, huenda maisha yangu yote. Nafuu inakuja polepole. Bado nachoka. Barua ya daktari kwa msimamizi imenirudisha kazini, ila nakunja mashuka tu, pasi siigusi.

Akaniuliza, kwenu kuna mwenye shida hii? Nikasema hakuna. Akauliza, mama yako je? Nikasema, mama alikuwa mvivu tu.

Baba, nilijisikia nikisema hivyo. Mimi niliyekununia miaka miwili kwa neno hilo. Nililia mpaka daktari akaenda kufunga mlango.

Binti yako

1 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimeshukuru Mungu kwa barua yako, kisha nikafungua sanduku la nguo za mama yako, ambalo sijaligusa tangu mazishi.

Magauni yake yote nilishona mimi. Kifungo cha kola nilimsogezea mara tatu, kwa mikono yangu hii, huku nikimtania kwamba anakula kwa kujificha. Wewe uko mbali nimeona. Yeye alikuwa ubavuni mwangu, sikuona. Nilimkuta ameketi juani na sweta, vyombo havijaoshwa, nikamwita mvivu mbele yako. Hawezi kupimwa damu tena, kwa hiyo ugonjwa wake hatutaujua kwa hakika. Nilichomwita nakijua. Nimemwomba msamaha leo, nikiwa nimeshika gauni lake.

Neno lile ni langu. Usilibebe wewe.

Blauzi hizi hapa. Kila kola ina vifungo viwili: kimoja cha sasa, kimoja cha kumi na tatu, shingo ikirudi. Isiporudi, kiache, kitakuwa pambo.

Jumapili saa nne asubuhi nitapiga simu, na safari hii sitagombana. Kama umelala, usiamke kwa ajili yangu. Lala, mama. Nitapiga tena.

Baba yako