Umekwenda na Shuka Yetu, Baba

Baba,

Kila Ijumaa nikipita karibu na makaburi huwasalimu nyote kwa jumla, kama inavyotakiwa, kisha narudi nyumbani moyo haujaridhika. Mko wengi hapo. Wengine hata hukuwa ukielewana nao, nao wanapata salamu sawa na yako. Leo nimekaa barazani na karatasi nikuamkie weye peke yako. Shikamoo, Baba. Ni mie Raya, mwanao, mzungusha mashine yako ya sinema.

Mama bado yumo ndani, eda yake haijaisha. Kaniuliza kwa nyuma ya mlango namwandikia nani, nikamwambia. Akaendelea kuchagua mchele. Kisha akasema, "Mwambie paa la uani limeezekwa, maana kaondoka na dhiki ya paa lile." Basi limeezekwa, Baba. Makuti mapya, na halivuji.

Sijui nianzie wapi. Nianze na shuka, maana ndiyo inayoniuma.

Huna habari yake, ulikuwa ushakata roho. Asubuhi ile Mjomba alipanda baiskeli kwenda mjini Chake kutafuta bafta ya sanda. Unajua hali ya nguo tangu vita hivi vya Wazungu vianze, hata mwenye fedha zake anarudi hana kitu. Mjomba akarudi adhuhuri mikono mitupu. Maiti ndani, maji yashakuwa tayari, Shehe barazani anangoja, watu wanatazamana. Mie nikaingia chumbani nikaitoa shuka ya sinema, ile tuliyokuwa tukionyeshea picha.

Wazee wawili watatu walikunja nyuso. Mmoja akasema wazi kuwa nguo iliyochezewa na picha haimsitiri Muislamu. Shehe akasema, "Nguo ni nguo. Ioshwe." Nikaiosha. Lakini sanda haishonwi, Baba, na shuka ile ilikuwa na mshono katikati, mshono wangu mwenyewe, uliokuwa ukimpitia puani kila mtu tuliyemwonyesha pichani. Nikakaa uani nikaufumua uzi kwa uzi. Niliushona kwa nguvu ili usifumuke shuka ikivutwa, sasa ukawa hautaki kuachia. Weye ulikuwa ukinisifu mbele za watu kwamba mkono wangu haukosei. Siku ile nilijichoma vidole kwa sindano, wala sikuona haya.

Siku tuliyoushona mshono ule ndiyo uliyonihadithia habari ya ndugu yako, Ami Makame. Mie nashona, weye umenishikia ncha ya pili. Ukasema alikuwa barobaro, hodari wa kukwea mikarafuu, mcheshi. Kisha rafiki yake akaanguka mkarafuuni mbele ya macho yake, akafa. Tangu hapo Ami akawa halali, hasemi, anakaa na kutazama ukuta. Watu wakasema ana shetani. Wakamfunga mguu kwenye nguzo ya banda asije akapotea. Weye mdogo ndiye uliyekuwa ukimpelekea muhogo, unaweka mlangoni unatoka mbio, kwa kuwa walikutisha kuwa shetani atakurukia. Hakutoka bandani mle ila kwa jeneza. "Walimpa kila dawa, Raya," ukasema, "isipokuwa mtu wa kukaa naye." Kisha ukaniambia nikaze uzi. Ndiyo desturi yako, ukigusa donda unahamia kwenye uzi.

Kwa hiyo mie nilijua lililokuwa moyoni mwako. Wale vijana uliokuwa ukiwafundisha hawakujua kitu, wao walidhani wanaletwa kutazama sinema.

Nakumbuka serikali ilipotuletea mashine hapa Mtambile na filamu zake bubu. Moja ya mbu, moja ya kuchimba choo, na moja ya kufundisha watu wajihadhari na moto. Ukaomba ghala la karafuu, ambalo msimu ukiisha hukaa tupu, tukaziba madirisha kwa magunia, na baada ya alasiri vijana wakaja. Wanawake kushoto, wanaume kulia, na harufu ya karafuu inawatoa machozi hata kabla ya picha. Mie nashika mpini wa mashine. Ulinifundisha kuzungusha kwa uradi, kila mzunguko subhanallah moja moyoni, nisiende mbio wala nisilale. Filamu ya mbu uliionyesha mara moja tu. Ile ya moto ndiyo tuliyoirudia mpaka nikawa naiota.

Nayo haikuwa ya moto kwako. Nyumba ya Mzungu mmoja inaungua mwanzoni kabisa, weye husemi neno. Inapofika pale anapokaa juu ya gogo mbele ya majivu, hali, hafanyi kazi, wanakuja watu wanampungia mikono ainuke na yeye hainuki, hapo ndipo unaponigusa bega. Nasimamisha mpini, nazima taa, ghala linakuwa giza. Unauliza, "Mtu huyu ana nini?" Siku ya kwanza wakajibu kwa fujo. Ana shetani. Karogwa. Kombo, yule mtundu aliyetoka Micheweni kuja kukaa kwa shangazi yake, akasema, "Mvivu huyo, Mwalimu, kapata sababu," ghala zima likacheka. Hukuwakemea. Ukasema moyo nao huugua, kama tumbo linavyougua, na wala si aibu ya mtu. Ukauliza nani kati yao aliwahi kuwa na siku ambayo kuinuka mkekani kulimshinda. Kicheko kikakoma.

Kisha unanigusa bega tena, nawasha taa. Anakuja jirani, anakaa chini kando ya gogo. Basi. Hasemi. Kesho yake anakuja tena, anakaa. Mpaka siku moja anakuja na nyundo, anaiweka katikati yao. Unauliza, "Jirani kafanya nini?" Wanasema, "Hakufanya kitu." Weye unasema, "Kakaa." Na hukuwahi kusema zaidi ya hapo. Mie nilikuwa nikiona umewapunja, nikikwambia njiani kwamba somo gani hilo la neno moja. Ukinijibu, "Wataliona wakilihitaji."

Mize ndiye aliyelihitaji mapema. Unamkumbuka, yule binti aliyefiwa na mamake kwenye uzazi, waliyekuwa wakimzungusha kwa waganga kwa kuwa hasemi. Alikuwa anakaa nyuma kabisa, mtandio mpaka machoni. Hukumwita mbele hata siku moja. Ulimwachia nafasi kwenye mkeka, tena ukimfukuza anayeikalia. Mwisho akawa anajibu salamu. Kwenu nyote wawili hilo lilikuwa jambo kubwa.

Sasa nikwambie yaliyonipata mie.

Watu walikukalia matanga, Baba, nyumba haikutosha. Siku ya tatu yakaanuliwa kama desturi, mikeka ikakunjwa, masufuria yakarudishwa kwa wenyewe, kila mtu akaenda zake. Sina lawama, kila nyumba ina shughuli zake. Lakini mie nikakaa hapa barazani nimeegemea nguzo, na kuinuka kukanishinda. Mama ananiita kwa ndani nikale, namsikia kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Sikulia. Kulia kungenisaidia. Nilikuwa nawaza shuka tu, kwamba niliifumua kwa mkono wangu, na kwamba weye na sinema yako mmezikwa pamoja, na mie nimesaidia kuwafukia. Mjomba akaanza kutaja jina la mganga. Nikamsikia akisema "Raya kaingiwa," na nikawaza, basi, nguzo ninayo tayari, waje na kamba.

Asubuhi ya baada ya matanga Mize akaja, akakaa chini ya baraza. Hakusema kitu. Mie hasira zikanipanda, nikamwambia matanga yamekwisha, nenda kwenu. Alikaa mpaka adhuhuri akaondoka. Kesho yake akaja tena, na Kombo kakaa upande wa pili wa njia, kajikunyata, kanyamaza. Kombo kunyamaza, Baba, unajua mwenyewe si jambo dogo. Siku zilizofuata wakaongezeka. Wasichana barazani, wavulana kule njiani, wanakuja wanakaa, wanaondoka, wapita njia wanauliza hapa kunani. Mie nimewanunia. Ilinichukua siku nyingi, mie niliyezungusha filamu ile mpaka kuiota, kutambua kwamba aliye juu ya gogo ni mie.

Nikacheka. Ndiyo mara ya kwanza tangu ufe. Kisha nikalia mpaka Mama akachungulia mlangoni, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Lakini nilikuwa bado sijainuka. Akaja bwana mmoja wa serikali kutoka Chake akasema mwalimu hayupo, kwa hiyo mwezi ukiandama mashine itarudi Unguja. Nikamwambia aichukue. Shuka hakuna, na msemaji hakuna. Hapo Mize akainuka, Baba. Hajapata kusema na mtu mgeni tangu mamake afe. Akafunua mtandio usoni akamwambia, "Usiichukue, Bwana. Njoo Alhamisi utazame." Sauti nene, kama ya mtu aliyetoka usingizini. Yule bwana akakubali, nadhani kwa kustaajabu.

Alipokwenda zake nikamgeukia, nikamuuliza Alhamisi atatazama wapi, juu ya mgongo wangu? Akashusha mtandio akaenda zake. Kesho yake wakaja yeye na Kombo wamebeba ndoo kwa mti, mmoja mbele mmoja nyuma. Chokaa, Baba. Kombo aliiomba kwao Micheweni, kwa ami yake anayechoma mawe, akaja nayo njia nzima juu ya lori la watu. Mize akaitua barazani, kati yangu na yeye. Akakaa. Hakusema kitu.

Nikainuka.

Tulipaka ukuta wa ndani wa ghala, ule wa mwisho, uwe badala ya shuka, kwa makumbi ya nazi tuliyoyaponda ncha. Ukuta wenyewe una matundu na umepinda, na una ufa mmoja mrefu tusioweza kuuziba. Kombo chokaa imemwingia mpaka masikioni, wenziwe wakimwita mzuka. Mama katuma uji kwa kila mtu. Mikono yangu iliwaka kwa chokaa usiku kucha, na nililala vizuri.

Alhamisi wakajaa. Yule bwana wa Chake kapewa kiti. Mpini nikampa Mize, nikamfundisha uradi, naye akashindwa kuusema moyoni, akawa anausema kwa sauti, subhanallah, subhanallah, ghala zima linamsikia. Sikumkataza. Mie nikasimama mahali pako, mwanamke mbele ya wanaume wote wale. Nyumba ikaungua. Yule mtu akakaa juu ya gogo, na ufa wa ukuta ukampitia kifuani. Bega langu, Baba, likangoja mkono wako. Najua ni upuuzi. Lilingoja. Kisha nikanyoosha mkono nikamgusa Mize bega, akazima taa.

Nikauliza, "Mtu huyu ana nini?"

Hakucheka mtu. Akajibu Kombo gizani, taratibu, "Kafiwa." Nikasema ndiyo, kafiwa, na moyo wake unaumwa. Halafu nikawahadithia Ami Makame. Hukunipa ruhusa, nijuavyo, lakini hukunikataza. Niliwaambia habari ya nguzo, na muhogo, na mtoto aliyekuwa akikimbia. Niliwaambia mtoto yule ndiye Mwalimu wao, na kwamba maisha yake yote alikuwa anarudi kwenye mlango ule ili akae. Nikasikia watu wanapenga kamasi, wanaume na wanawake, na sidhani ilikuwa karafuu.

Taa ilipowaka na jirani akaja, sikuuliza. Walisema wenyewe, "Kakaa."

Mashine imebaki, Baba. Yule bwana aliondoka bila maneno mengi, akatuachia na betri ya taa. Na juzi kwa kina Faki, kijana wao kaanza kujifungia ndani. Mamake kaja hapa mwenyewe kuuliza kama wenzake wanaweza kwenda kukaa mlangoni. Hakumtaja mganga. Wamekwenda, na Kombo ndiye anayewagawia zamu.

Siwezi kusema nimepoa. Zipo asubuhi gogo linaniita, na siku hizo namtuma mtoto kwa Mize, anakuja. Jioni nikisikia baiskeli njiani bado nainua uso nikidhani ni weye.

Nakuahidi hivi, na Mama kwa ndani anasikia ninavyosoma. Maadamu Mtambile yuko kijana asiyeinuka mkekani, hatafungwa nguzoni kwa kukosa mtu wa kukaa naye. Na kila mwaka kabla ya msimu nitaupaka ukuta ule chokaa upya.

Pumzika, Baba. Mungu akupe nuru humo ulimo. Shuka ni yako, usituonee huruma kwayo. Sisi tuna ukuta.

Mwanao,
Raya