Hando Mbele ya Malkia

Kwako Everlyne, mjukuu wangu wa Mariakani,

Jicho limepona. Mjomba wako Ngowa anaandika ninavyosema. Tulipotoka hospitali kule India ya kusini alinipeleka kwenye jumba la wafalme wa zamani. Ndani nikaona picha ya malkia, nguo yake imekunjwa marinda kiunoni kama hando langu, vazi letu la asili! Mlinzi akamtazama malkia, akanitazama mimi, akauliza kama ni ndugu yangu.

"Mwambie ni mdogo wangu," nikamwambia Ngowa. "Marinda yake bado machache."

Uliniagiza nije harusini kwako na gauni, ati hando litakuaibisha kwa wakwe. Nililia, sikukujibu. Sasa nakujibu: nakuja na hando. Lako pia nimeshalikunja. Likikushinda kulivaa, nitakuvisha mwenyewe.

Hawe wako anayekupenda hata ukimuudhi,
Kahonzi