Kwa Dada Zuhura, Aliyebandika Insha Zetu Ukutani

Mpendwa dada Zuhura,

Leo wanafunzi wangu wa chuo kikuu wameandika kwenye blogu ya darasa, nikakukumbuka. Miaka ile ya mwisho ya tisini, tuliporudi Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, kutoka Tanzania, ulifundisha Kiswahili chuoni, nami nilikuwa mmoja wa wanafunzi wako. Hukutaka insha zifie mezani kwa mwalimu. Ulizibandika ukutani, upande wa barabara, ukaacha nafasi chini ili mpita njia ajibu kwa kalamu.

"Ukijua jirani atakusoma, utaandika kwa makini," ulituambia.

Unamkumbuka Fidèle? Aliandika kwamba akimwona mama yake amebeba magunia pale mpakani, Petite Barrière, hubadili njia asije akaitwa mbele ya wenzake. Insha ilizishinda zetu zote, ukaibandika katikati. Watu wakaizungumzia hadi sokoni, mpaka mama mwenyewe akaja, kitenge kimelowa jasho mgongoni. Hakujua kusoma.

"Mwalimu, banasema maneno ya mutoto wangu iko hapa. Unisomee."

Ulisita. "Mama, pengine tumngoje mwenyewe."

"Hapana. We soma yote."

Nilisimama kando yako nikitamani uruke mistari. Hukuruka. Ulipomaliza, mama akasema, "Bon, sawa. Andika pale chini: mama yake amesikia." Akaenda zake.

Fidèle alipoyakuta maneno yale alikusihi uiondoe insha. Ukakataa. "Umesema, umejibiwa. Sasa na wewe jibu."

Kesho yake hakuja darasani. Tulimwona mpakani, gunia la viazi begani, mama yake akitangulia mikono mitupu, akimfokea asiburute miguu.

Uliisimulia siku ile maisha yako yote kama ushindi wa ualimu wako. Labda ulikuwa ushindi. Lakini mimi niliuona uso wa yule mama wakati wewe unamsomea, na haujanitoka.

Juma lililopita binti mmoja aliandika insha kwenye blogu yetu juu ya ulevi wa baba yake. Ndugu zake wakaisoma kwenye simu, na watu wasiomjua wakamtukana mzee. Akaja kwangu analia: "Mwalimu, tafadhali, ifute."

Nikaifuta, dada. Ukuta wako ulisomwa na mtaa uliomjua Mama Fidèle na kumsalimia kila asubuhi. Huu wangu hauna mtaa.

Najua ungenigombeza. Ungeniambia nimemnyima yule binti nafasi ya kujibu, nami ningekujibu, na chai ingepoa. Tangu ulipotutoka watu wengi wamenipa pole, hakuna aliyenibishia. Pumzika kwa amani, ila ujue bado sijakubali.

Mdogo wako, na mwanafunzi wako