Sarafu Yangu, Taa ya Bi. Rushworth

Plymouth
8 Januari 1979

Baba mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Huku hatujambo, ila Janine ana kikohozi, na Trevor analalamikia kiuno tangu alipobeba lile sanduku lako la spana. Goti lako linaendeleaje? Ningesema usipande ngazi kutundika mapazia, lakini najua umeshapanda.

Roho yangu bado iko Halifax. Tulikuacha Jumamosi katikati ya maboksi, na njia nzima nilikuwa nageuka nyuma. Miaka arobaini umekaa nyumba moja, leo uko kwenye vyumba viwili vya chini, na juu yako kuna mtu usiyemjua. Mimi kulala silali.

Sasa nijibu bila kuzungukazunguka. Ulisoma mita za nyumba ya zamani, ya gesi na ya umeme, kabla ya kurudisha funguo? Ulikwenda ofisini kufunga hesabu? Usipofunga, hao waliohamia watapika na kuoga kwa jina letu mpaka wachoke. Na hapo ulipo, gesi imeshaunganishwa, au unakula mkate mkavu na kuniandikia kwamba umeshiba?

Makubaliano yetu yako palepale. Ikifika Pasaka hujatulia, unakuja kukaa kwetu moja kwa moja. Chumba kiko tayari. Trevor amebandika karatasi za maua ukutani, na sitaki kusikia maoni yako kuhusu maua.

Wako mwanao,
Avril


Halifax
14 Januari 1979

Mwanangu Avril,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia mko wazima. Mpe Janine asali, na kiuno cha Trevor mwambie akizoeshe kazi. Mimi ni mzima. Goti lipo.

Mita nilizisoma zote mbili nikiwa nimevaa koti, mkono mmoja umeshika tochi. Ofisini nilikwenda, hesabu ikafungwa, basi. Fundi wa gesi alikuja hapa siku ya pili, akaunganisha jiko langu, akanywa chai yangu vikombe viwili, akaondoka. Gesi ni safi. Mkate ninaokula ni wa moto na una nyama ya nguruwe juu yake.

Umeme wa hapa ni wa mita ya sarafu. Bwana Ogden, mwenye nyumba, kaifunga jikoni: unatia sarafu, unapata umeme, ukiisha unatia tena. Jambo rahisi. Ila mita yangu ina tabia yake. Juzi taa ilizimika, nikatia sarafu, kimya. Nikatia nyingine, kimya. Nikaenda kulala na hasira. Kesho yake nilikuwa nanyoa ndevu, taa ikawaka yenyewe bila mtu kuigusa. Nadhani ni mpya, bado haijatuzoea.

Wa juu ni mjane, Bi. Rushworth, na alihamia siku ileile niliyohamia mimi. Hatusemeshani. Kabati lake la nguo lilikwama kwenye kona ya ngazi, na mimi kwa nia njema kabisa nikawaambia wapagazi kwamba mwenye kabati angelipima kwanza. Kumbe yuko juu ananisikia. Akasema, mbele ya watu wote, "Na yeye angepima mdomo wake." Kabati bado liko pale kwenye kona, tunapita ubavuubavu. Mimi ndiye niliyetukanwa, kwa hiyo simwamkii mpaka yeye aanze.

Baba yako,
Walter Sugden


Plymouth
19 Januari 1979

Baba mpendwa,

Nashukuru kusikia u mzima. Janine amepona, kiuno hakijapona.

Unasaini "Walter Sugden" kana kwamba mimi ni benki. Na tangu lini mita ikazoea watu? Mita ni chuma. Ukitia sarafu na taa isiwake, kuna kitu kibovu, mwite Bwana Ogden leo. Alipoigawanya nyumba ile kuwa fleti mbili, nyaya nasikia alifungiwa na shemeji yake, ambaye kazi yake hasa ni kuuza samaki.

Na huyo mama wa juu msalimie tu. Mdomo hautapungua.

Trevor anasema ukitaka, anakuja na gari la mizigo siku yoyote. Sikulazimishi. Nakwambia tu kwamba gari lipo na lina mafuta.

Mwanao akupendaye,
Avril


Halifax
27 Januari 1979

Mwanangu mpenzi Avril,

Natumaini barua hii itakukuta na afya na subira, hasa subira. Mimi sijambo. Theluji imefika dirishani.

Nimeigundua siri ya mita. Jumatatu taa ilizimika, nikatia sarafu, kimya kama kawaida. Lakini safari hii nikasikia juu redio inaanza kuimba, na Bi. Rushworth anasema, "Afadhali." Nikasimama na kidole kwenye tundu la sarafu, nikawaza. Kesho yake nikajaribu tena. Ni hivyo hivyo. Muuza samaki amekosea nyaya: sarafu yangu inawasha kwake, na yake inawasha kwangu. Wiki tatu nzima nimemwangazia mwanamke asiyeniamkia, na yeye amekuwa akinimulikia ndevu bila kujua.

Utasema, panda umwambie. Kumwambia ni kuanza kusema, na nimeshakueleza nani alimtukana nani. Nikaona dawa ni kuacha kutia. Juu kukawa giza. Nikamsikia anatembea, anahangaika, anatia sarafu yake, na kwangu kukawaka jikoni, sebuleni, mpaka chooni. Nikakaa nikasoma gazeti lote, hadi matangazo ya vifo. Sikatai, nililifurahia gazeti lile.

Basi naye hakuwa mjinga. Siku ya tatu aliacha kutia. Sasa fleti zote mbili ziko gizani na hakuna anayetia kitu. Tunasikilizana tu kupitia dari. Mimi nina mshumaa, na jiko la gesi naliwasha na kuuacha mlango wake wazi, miguu yangu inapata joto la kutosha. Yeye sijui ana nini, lakini ataanza kuchoka kabla yangu. Nilikuwa dereva wa lori la mikate miaka thelathini, nimekaa kwenye giza la alfajiri zaidi kuliko bundi.

Usimwambie Trevor.

Baba yako


Plymouth
1 Februari 1979

Baba,

Hujambo? Naamini hujambo, maana mtu mgonjwa hapati nguvu za upuuzi huu.

Nimemwambia Trevor. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniona uso wangu akaacha. Una miaka sabini na mmoja. Umekaa gizani, kwenye theluji, miguu ndani ya jiko, kwa sababu hutaki kusema habari za asubuhi. Mama angekuwepo angeshapanda ngazi siku ya kwanza na keki mkononi, na kabati lingekuwa ndani.

Nakwambia lililo moyoni: naogopa. Naogopa simu ya polisi. Nilipomzika Mama nilijiambia sitakuacha ufe peke yako katika chumba cha kupanga, na wewe unanionyesha kwamba kuishi peke yako huwezi. Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 10 Trevor anakuja na gari. Kama hujasema na huyo mama, unapakiwa wewe na sanduku la spana. Hakuna cha Pasaka.

Usinijibu kwamba goti lipo.

Avril


Plymouth
13 Februari 1979

Baba mpendwa,

Habari za huko? Sisi tu wazima, isipokuwa mimi nimechanganyikiwa.

Trevor ameendesha siku nzima kwenye theluji kuja kukuchukua, akarudi na gari tupu. Tupu, Baba. Kilichokuwemo ni nusu ya pai ya nyama iliyofungwa kwenye gazeti, na kiuno kilichoharibika zaidi. Nikimuuliza Baba yuko wapi, anasema, "Mwache mzee." Nikimuuliza kumetokea nini, anasema, "Mwache mzee," halafu anakata kipande kingine cha pai. Nimeolewa na mtu huyu miaka kumi na miwili na sijawahi kumwona anatunza siri.

Pai ni nzuri. Hukuipika wewe. Nieleze.

Avril


Halifax
18 Februari 1979

Mwanangu Avril,

Salamu nyingi kwako na kwa Janine, na kwa Trevor salamu za pekee. Ni mwanaume, nilikuwa sijamjua.

Barua yako ya kunitisha na gari ilinikasirisha siku nzima. Nikaapa simsemeshi mtu. Lakini Ijumaa asubuhi niliamka nikasikia kwamba sisikii kitu. Bi. Rushworth akiamka huenda dirishani, halafu kwenye sinki, halafu hurudi kitandani kuvaa viatu. Sikupenda kuyajua haya, ila dari ni nyembamba. Siku ile hakuna hatua hata moja. Nikasubiri chai iive, hakuna. Nikachukua sarafu zote nilizokuwa nazo, nikazitia moja baada ya nyingine. Juu redio ikaanza kupiga kelele na hakuna aliyeipunguza.

Nilipanda ngazi zile, nikapita kabati, sikumbuki kama nina goti. Nikagonga mpaka mlango ukafunguka. Alikuwa na koti, kofia, mitandio miwili na viatu, na nyuma yake kitanda kilikuwa hakijatandikwa, ndimo alimokuwa amelala na viatu vyake. Midomo ilikuwa ya rangi ya bluu. Wakati wote nilipopanda nilikuwa nimetunga maneno mazuri. Yakanipotea. Nikamuuliza, "Kuna joto humu?"

Akasema, "Litakuwepo ukitaka wewe."

Kumbe alishajua mita, kama mimi. Ila nililokuwa silijui mimi ni kwamba hana gesi. Hajawahi kuunganishiwa. Joto lake lote ni hita ndogo ya umeme, na umeme wake nilikuwa nimeukalia mimi huku chini, nachoma miguu. Avril, niliona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa mtoto.

Nikamuuliza kwa nini hakuomba gesi. Alikataa kusema, halafu akasema. Bili zao zote zilikuwa kwa jina la Harold, mumewe. Amefika mlango wa ofisi ya gesi mara mbili na mara zote mbili amegeuka, kwa sababu ndani watamwuliza jina la mwenye hesabu, na itambidi ataje lake peke yake.

Sasa nikueleze nililokuficha. Uliniuliza kama nilifunga hesabu, nikakujibu ikafungwa, "basi". Unajua gesi yetu ilikuwa kwa jina la Mama, kwa kuwa ndiye aliyegombana nao mwaka ule. Binti wa ofisini aliniuliza jina, nikasema Nora Sugden. Akachukua rula, akampigia mstari wa kumfuta mbele ya macho yangu, akasema asante. Nilitoka nikakaa kituo cha basi, mabasi yakapita. Bi. Rushworth nilimwambia yote haya pale mlangoni, na sikuwa nimemwambia mtu mwingine.

Nikamteremsha kwangu, nikamkalisha mbele ya jiko. Alikula mayai matatu, akasema chai yangu ni ya kuoshea matairi.

Trevor alipofika Jumamosi alinikuta juu nagonga sakafu na ufagio, na Bi. Rushworth chini kwangu anapika pai.

"Tia!" nasema mimi.

"Nimeshatia, kiziwi wewe!" anasema yeye.

Trevor alisimama ngazini na funguo za gari mkononi. Nikamwambia asisimame bure, ashike upande mmoja wa kabati. Tuliling'oa mlango, tukalilaza, likapita. Lingepita siku ya kwanza kama mtu angefikiri, lakini hilo nimejifunza kulisema polepole.

Baba yako


Plymouth
23 Februari 1979

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na joto. Sisi wazima.

Nimelia kwa ajili ya ile rula, halafu nimecheka kwa ajili ya chai, na Janine ameniuliza kama naumwa. Ungeniambia, Baba. Ningekuja kukaa nawe kituo cha basi.

Trevor sasa ameongea. Anasema hajawahi kukuona umechangamka hivyo. Gari limerudishwa kwa mwenyewe. Ila nyaya lazima zirekebishwe. Huwezi kuishi kwa kugonga dari, mtu mmoja akipata homa mwenzake anakaa gizani. Mwandikie Bwana Ogden wewe, au nitamwandikia mimi, na mimi sina adabu zako.

Na Pasaka je? Bado chumba ni chako. Nauliza tu, sikuamuru.

Mwanao,
Avril


Halifax
11 Machi 1979

Mwanangu mpenzi Avril,

Natumai nyote hamjambo. Mimi mzima, theluji imeyeyuka, na goti naliacha kando kama ulivyoagiza.

Nyaya zimerekebishwa. Bwana Ogden alileta fundi wa kweli, mtu asiyenuka samaki, akamaliza kabla chai haijapoa. Na Alhamisi ya tarehe 1 nilimsindikiza Bi. Rushworth ofisi ya gesi. Binti alimwuliza jina. Akasema Enid Rushworth, kwa sauti ndogo. Binti hakusikia. Akarudia, na safari hii foleni yote ilisikia na mzee mmoja akageuka. Jiko lake linawaka sasa.

Kwa hiyo kila mtu ana umeme wake na gesi yake, kama inavyotakiwa, na hakuna anayemhitaji mwenzake. Siku ya kwanza taa yangu ilizimika, nikatia sarafu yangu, ikawaka palepale. Nikakaa nikaitazama. Sikupenda. Ufagio sina kazi nao ila kufagia. Yeye hakuteremka, mimi sikupanda, maana ningepanda kufanya nini? Tukakaa hivyo wiki nzima, na dari ikarudi kuwa dari. Nilifikiri kukuandikia kwamba pengine una haki, nije nikae kwenu. Barua niliianza.

Jana nikaiacha mezani nikapanda. Nilikuwa sina sarafu ya kuomba, sina sukari iliyoisha, sina habari ya kumpa. Kona ile sasa ni pana, mtu anapita bila hata kupumzika, kwa hiyo nilifika mapema kuliko nilivyotaka. Nikagonga. Akafungua, akaniangalia mikono kuona nimebeba nini.

"Unataka nini, Bwana Sugden?"

Nikasema, "Sitaki kitu."

"Basi ingia," akasema, "unapitisha baridi."

Pasaka nitakuja, siku nne, halafu nitarudi nyumbani.

Baba yako