Kidole cha Bwana Andriantsoa

Alhamisi, 21 Agosti
Nimekwisha! Bwana Andriantsoa, mkuu wetu wa ofisi, ameona picha zangu za bata ukutani. Akasema zina uhai. Jumamosi ukoo wake, kwa mila yetu, unawatoa wazee wao waliokufa kaburini kuwavisha sanda mpya, na mpigapicha ni mimi. Kipindi changu cha majaribio kazini kinaisha mwezi huu. Sikuthubutu kumwambia kwamba bata wale walikuwa wamelala.

Jumamosi, 23 Agosti
Funzo: jua liwe mgongoni mwako. Funzo la pili: likiwa mgongoni mwako, linawachoma wao machoni. Wote walifumba! Nikahamia upande wa pili – wakawa weusi kama masizi. Tarumbeta zikaanza, wakawabeba wazee mabegani wakicheza, nami nikasukumwa nikacheza. Nina picha nyingi za viatu. Bibi Vololona, shangazi wa mkuu, ambaye ukoo mzima unamwogopa, akanicheka: mwanangu, unapiga picha au unapigana na kamera? Picha ya mwisho nilibana viwiko, nikazuia pumzi. Nusura nizimie.

Jumapili, 24 Agosti
Imetoka! Macho yote wazi. Hata kaburi limesimama wima. Nikaikuza kwenye kompyuta nizidi kufurahi – mama yangu! Pembeni, mkuu anamwonyesha mtu kaburi. Kwa kidole kilichonyooka! Hata mtoto mdogo hapa kwetu anajua kaburi huonyeshwa kwa kidole kilichokunjwa, waliolala wasikasirike. Yeye kakinyoosha kama anaagiza bia. Nimejaribu kukikata. Kikitoka kidole, Bibi Vololona anabaki nusu. Nikimkata Bibi, nitakatwa mimi.

Jumatatu, 25 Agosti
Nimemwonyesha mkuu. Akafunga mlango. Futa, akasema. Nikasema ndiyo pekee yenye sura za watu. Akakumbuka shangazi anaisubiri aitundike sebuleni. Akalainika ghafla: Tahina, kijana wangu, nyie wanafunzi wa kamera si huwa mnaziba kioo kwa kidole? Basi sema ni chako.
– Mkuu, kina pete yako!
– Pete nitakuazima.
Kabla sijajibu, hodi. Bibi Vololona, miwani puani! Naandika haya nikijifanya niko kazini. Ameinamia kompyuta, anasifu kofia yake. Ananiita bingwa. Pua inakaribia kugusa kioo.
– Hee! Kidole cha nani hiki?
Mkuu anatazama dari. Juu ya meza, taratibu, pete inasogea upande wangu.